Tairi la inchi 33 kwenye rimu iliyotoka na gari

Niliyasimamisha mawili ukutani, kando kwa kando. La kushoto ni lile lililokuja na gari, 265/65R17 (upana wa milimita 265 hivi, kimo cha ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17), kashata zake za katikati, yaani vitofali vya raba vinavyokanyaga ardhi, zimeshakwisha. La kulia jipya, 285/70R17, kimo chake karibu inchi 33, bado lina vinyweleo vya raba na harufu ya ghala. Nikalaza ubao juu ya yote mawili, ubao ukainama kama paa la kibanda. Nikachukua futi nikapima tofauti ya kimo: milimita 54.

Milimita 54 ni upana wa vidole vitatu tu. Na hata hizo, gari halinufaiki nazo zote. Nusu yake, milimita 27, iko chini ya ekseli na ndiyo inayoliinua gari. Nusu ya pili iko juu ya ekseli, ndani ya tao la gurudumu, na hiyo haimwinui mtu. Inatafuta pa kukaa. Inazunguka, inapinda na usukani, inapanda na kushuka na springi, na kila inapokosa nafasi inaila bodi au bodi inaila yenyewe. Miezi minne ya kwanza niliimaliza nikihangaika na nusu hiyo ya pili.

Nilikuwa nimeamua jambo moja tangu mwanzo: rimu sibadilishi. Kila niliyemwambia nataka tairi kubwa aliniuliza, "Rimu umeshapata?" Imeshaingia vichwani mwetu kwamba tairi kubwa na rimu pana ni chanda na pete. Lakini tazama magari yaliyojengewa shida hasa. Land Cruiser na Land Rover nyingi za zamani zilitoka kiwandani na tairi la 7.50R16, refu na jembamba, limekaa juu ya rimu ya inchi 5 na nusu au 6. Kimo chake ni milimita 800 na ushee. Baadaye likaja 235/85R16, milimita 806, kwa wazo lile lile. Magari hayo yalibeba mizigo, maji na wagonjwa kwenye njia ambazo mengi ya leo hayajawahi kuzikanyaga. Tairi refu juu ya rimu nyembamba lilikuwepo kabla hata ya rimu pana kuwa fasheni.

Kuna pia sababu za kawaida kabisa. Ukibaki na rimu zako, nati ni zile zile, tundu la katikati linakaa sawasawa kwenye habu, vihisi vya upepo vilivyo ndani havihitaji kuguswa, na umbali wa gurudumu kutoka kwenye beringi unabaki ule aliouchora mhandisi. Hicho cha mwisho nilikuja kukithamini kuliko vyote.

Nililaza gurudumu kifudifudi nikasugua matope nyuma ya mikono ya rimu mpaka maandishi yakatokea: 17x7½J, na pembeni yake namba 30. Herufi na tarakimu hizo ndizo barua nzima ya rimu. Kumi na saba ni kipenyo, saba na nusu ni upana kwa inchi, J ni umbo la ukingo unaoshika mdomo wa tairi. Kabla ya kuyaona nilikuwa nimepima upana mwenyewe kwa futi, ukingo hadi ukingo kwa nje, nikapata inchi 8 na nusu, nikafurahi. Nilikosea. Upana wa rimu hupimwa kwa ndani, pale midomo ya tairi inapokaa, na kuta mbili za ukingo hukuongezea karibu inchi nzima isiyo na kazi. Nimeshakutana na watu wawili walionunua tairi kwa kosa hilo hilo.

Kwa nini inchi moja iwe na uzito kiasi hicho? Kwa sababu kila kipimo cha tairi kina rimu zake zinazoruhusiwa, kuanzia nyembamba kabisa mpaka pana kabisa, na watengenezaji huzitaja kwenye majedwali yao. Tairi la 285/70R17 hupimwa likiwa kwenye rimu ya inchi 8.5, na linaruhusiwa kuanzia 7.5 hadi 9. Rimu yangu ya 7.5 basi iko mlangoni kabisa: imeingia, lakini hakuna nafasi ya kurudi nyuma. La 265/70R17 lingekaa kwa raha zaidi, maana linaruhusiwa kuanzia inchi 7, na kimo chake ni milimita 803. Kama ningekuwa naendesha lami siku sita kwa wiki, ningechukua hilo na nisingejuta.

Kilichonitamanisha zaidi kilikuwa 33x12.50R17. Jina lake linasikika vizuri, na lilikuwepo tayari, limepangwa mbele yangu. Nikakaa nikakokotoa. Inchi 33 ni milimita 838. La 285/70R17 ni milimita 831. Tofauti ni milimita 7, ukigawanya kwa mbili gari linapanda milimita tatu na nusu, unene wa kamba ya kiatu. Kwa malipo ya milimita hizo tatu na nusu ningeingiza tairi lenye upana wa milimita 318 kwenye rimu yenye milimita 190, wakati tairi hilo linataka rimu isiyopungua inchi 8.5. Lingevalika, sikatai. Mashine ya kuvalishia haiulizi. Lakini midomo ya tairi ingevutwa ndani, mabega yangeinuka, katikati kungetuna kama mgongo wa kobe, na kwenye kona gari zima lingekuwa linaegemea ubavu uliolegea. Nililiacha pale lilipo.

Tairi pia hubadilika upana kulingana na rimu. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nusu inchi unayopunguza kwenye rimu, tairi hujibana kwa milimita 5 hivi. Langu la 285, ambalo kwenye rimu ya kupimia ubavu wake una milimita 292, kwangu likatoka na milimita 282. Nilifurahi kuliona hilo kwenye futi, kwa sababu ndani ya tao nilikuwa nagombania milimita moja moja.

Sasa ile namba 30. Huandikwa pia ET30, herufi zinazotokana na neno la Kijerumani, na maana yake ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaobana kwenye habu. Ikiwa na alama ya kujumlisha, uso ule umesogea upande wa nje, yaani sehemu kubwa ya rimu imezama ndani ya gari. Rimu za kiwandani za magari mengi ya sasa ziko hivyo. Faida ni kwamba gurudumu linajificha vizuri chini ya madigadi na usukani unakuwa mwepesi na mtulivu. Hasara ni kwamba tairi likinenepa, linanenepa kuelekea vyuma: mkono wa juu wa sasipenshi, bomba la breki, chesisi. Kabla ya kununua niliingiza kidole kati ya ubavu wa tairi la zamani na mkono wa juu, kisha nikapima: milimita 24. Nikatoa 8 za unene mpya, nikabakiwa na 16. Baada ya kuvalisha nilipima tena, nikakuta 15 upande wa kushoto na 17 kulia. Zinatosha. Ingekuwa chini ya 6 ningerudisha tairi, kwa maana matope yaliyoganda pekee yanajaza nafasi hiyo, na tairi lenyewe huchezacheza likilemewa.

Wengi wakifika hapa huweka spesa, kile kipande cha chuma cha kusogeza gurudumu nje. Nilishauriwa nami niweke za milimita 30. Tatizo ni kwamba usukani unapokata kona, gurudumu halizunguki mahali pamoja. Linachora tao, na kadiri unavyolisogeza nje ndivyo tao linavyokuwa kubwa. Tairi lililokuwa likikaribia mkono wa juu sasa linakwenda kupiga nyuma ya madigadi na kona ya bampa, huku beringi zikibeba mzigo kwa mkono mrefu zaidi. Unahamisha ugomvi kutoka chumba kimoja kwenda kingine.

Siku ya kuvalisha yenyewe ilipita haraka. Lililonichelewesha ni balansi. Tairi la zamani na rimu yake nilikuwa nimelipima nyumbani kwa mizani ya magunia, kisha nikapima jipya: raba peke yake imeongezeka kilo 10 kwa kila gurudumu. Kitu kizito namna hiyo kikiwa na kasoro ndogo, mashine inaiona kubwa. Gurudumu la tatu liliomba gramu 180 za risasi za kusawazishia.

"Bosi, ni nyingi lakini litatulia," kijana aliyekuwa akifunga akaniambia.

"Mdogo wangu, litoe upepo tuligeuze kwanza juu ya rimu."

Alinitazama kidogo, halafu akakubali. Tairi nyingi mpya zina nukta ya njano ubavuni inayoonyesha upande mwepesi, na upande huo hupaswa kukaa karibu na vavu, ambako rimu ni nzito. Hili lilikuwa limekaa kinyume kabisa. Tulipoligeuza nusu duara mashine ikaomba gramu 65. Yeye mwenyewe akaita wenzake waje waone. Wakati wa kujaza upepo nilisimama karibu nikasikiliza milio miwili, mdomo wa ndani na wa nje ukiruka kukaa mahali pake, kisha nikazunguka na tochi nikitazama ule mstari mwembamba wa raba ulio kandokando ya rimu. Ukiwa sawa pande zote, mdomo umekaa. Ukizama sehemu moja, haujakaa, na gari litatetemeka hata ukibandika risasi kilo nzima. Baada ya kilomita 100 nilizikaza nati tena kwa spana ya kupimia nguvu. Moja ilizunguka robo.

Nikaondoka na upepo wa PSI 45 kwenye kila gurudumu, kwa sababu ndivyo nilivyojaziwa. Gari likaruka ruka kama gari la punda. Hapo ndipo rimu nyembamba ilipoanza kudai haki yake.

Tairi lililobanwa midomo yake linatuna katikati. Ukilijaza upepo mwingi linakanyaga kwa mstari mmoja wa kashata za kati, zilizobaki zinaning'inia. Linaliwa katikati, na kwenye lami yenye maji linateleza mapema. Nilinunua chaki ya kawaida ya ubaoni, nikachora mistari minne minene kukata upana wote wa tairi, bega hadi bega, nikaendesha mita mia tatu moja kwa moja kwenye lami kavu, nikashuka kutazama. Kwa PSI 45 chaki ilikuwa imefutika katikati tu, upana wa kiganja. Mabegani ilibaki nyeupe kama nilivyoiacha. Nikashusha hadi 40, nikachora, nikaendesha. Hadi 36. Hadi 34, chaki ikawa imefutika karibu yote, imebaki vumbi jeupe kwenye kashata za mwisho kabisa kila upande.

Ningeweza kuendelea kushuka mpaka mabega yasafike. Sikushuka, na ningependa anayesoma hapa alipe jambo hili uzito wake. Tairi nililovalisha ni la gari la mizigo, lina namba ya uzito 121 badala ya 112 iliyokuwepo, yaani linaweza kubeba kilo 1,450 pale la zamani lilipoishia kilo 1,120. Lakini hubeba hizo likiwa limejazwa upepo wake kamili. Kwa uzito ule ule wa gari, tairi la aina hii huhitaji upepo zaidi kidogo kuliko la gari dogo, kwa hiyo kibandiko cha mlangoni, ambacho kwangu kinasema 29, hakitoshi tena. Niko kati ya vitu viwili vinavyovutana: rimu nyembamba inataka upepo upungue ili tairi lilale, uzito unataka upepo uongezeke ili tairi lisichemke. Mwamuzi wangu akawa kiasi ambacho upepo unapanda tairi likipata joto. Unapima asubuhi tairi likiwa baridi, unaendesha saa nzima kwa mwendo wa kawaida, unasimama na kupima hapo hapo. Ukikuta upepo umepanda zaidi ya PSI 4 hivi, ubavu unakunjika kupita kiasi na kuzalisha joto, ongeza. Kwa 34 yangu ilipanda hadi 38. Nikabaki hapo mbele, nyuma naweka 32 nikiwa mtupu na 42 nikiwa na mzigo. Baada ya kilomita 10,000 nilipima kina cha kashata: katikati milimita 10.2, mabegani 10.9. Kwa tairi lililo mlangoni mwa kipimo chake, nimeridhika.

Nje ya lami hali inageuka, na hapa ndipo ninapoipenda rimu hii hasa. Ukishusha upepo hadi 18 kwenye mawe au 15 kwenye mchanga, tairi halitanuki sana kwa upana. Linarefuka, linalaza unyayo mrefu mbele na nyuma, na unyayo huo ndio unaoshika. Ubavu uliopanuka kupita rimu unasukuma mdomo wa tairi kwa nje, kwenye ukuta wa rimu, kwa hiyo hauchomoki kirahisi ukikata kona kwa ghafla. Na jiwe la pembeni linakutana na raba kabla ya kukutana na aluminiamu. Rimu zangu hazina mchubuko mpya tangu nibadilishe tairi. Upande wa pili ni kwamba ubavu huo uliojitokeza ndio unaoweza kuchanika, kwa hiyo kwenye mawe makali naangalia ubavu kuliko ninavyoangalia kashata. Chini ya 12 siendi, kwa kuwa rimu hizi hazina pete ya kubana midomo.

Nirudi kwenye ile nusu ya pili, iliyo ndani ya tao.

Siku ya kwanza nilikata usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, mbele na rivasi, kwenye uwanja ulio sawa. Kimya. Nikajiambia kazi imekwisha. Na zaidi ya hapo nilikuwa nimeinua gari milimita 40 kwa springi mpya, nikiamini kuinua ndiko kunakotengeneza nafasi. Wiki ya tatu nilikuwa nikirudi rivasi kutoka kwenye kijito, usukani umekatwa wote, gurudumu la mbele kushoto limepanda juu ya jiwe na kuzama ndani ya tao. Nikasikia mlio mrefu, kama mtu anayepasua turubai. Nikasimama, nikashuka na tochi.

Nyuma ya gurudumu, pale bodi inapofungwa kwenye chesisi kwa boliti kubwa na raba, kuna sahani ya chuma iliyopinda. Ukingo wake ulikuwa umesafika na kung'aa, rangi nyeusi imetoka kwa urefu wa kidole. Chini yake zilining'inia nyuzi fupi za raba, laini kama nazi iliyokunwa. Kwenye tairi, kashata nne za bega la nje zilikuwa na mkato mmoja ulionyooka, kina cha kucha. Plastiki ya ndani ya madigadi ilikuwa imevutwa ikachomoa vibanio viwili.

Kosa langu lilikuwa kupima gari likiwa limesimama vizuri. Springi ndefu inalisimamisha gari juu zaidi, ni kweli, lakini gurudumu likisukumwa juu kwa nguvu ya kutosha, springi inabonyea yote na gurudumu linafika pale pale lilipokuwa likifika zamani, mpaka kwenye raba ya kikomo. Kuinua gari hakubadilishi mwisho wa safari ya gurudumu. Kunachelewesha tu kufika. Kwa hiyo kipimo cha kweli ni kimoja, na nilikifanya Jumamosi iliyofuata, asubuhi hadi adhuhuri. Nilisimamisha chesisi juu ya stendi imara, nikafungua shokapu na springi yake nikaviweka pembeni, kisha nikainua mkono wa chini wa sasipenshi kwa jeki polepole mpaka ukagusa raba ya kikomo. Hapo gurudumu liko juu kuliko litakavyowahi kufika barabarani. Nikalizungusha kwa usukani kutoka mwisho hadi mwisho, sentimita kwa sentimita, nikiweka chaki kila lilipogusa. Lilipogusa palikuwa pawili: ile sahani ya boliti ya bodi, na mshono wa chuma ulio nyuma yake. Mbele, kwenye bampa, palibaki nafasi ya kidole na nusu.

Watu hukata sahani ile na kuchomelea nyingine ndogo. Sikutaka kugusa kinachoshika bodi kabla sijamaliza njia nyingine. Mkono wa chini wa mbele umefungwa kwa boliti zenye kichwa cha yai, ambazo ukizizungusha zinasogeza gurudumu mbele au nyuma. Fundi wa alaimenti akalisogeza mbele milimita 8, jambo ambalo pia linauongezea usukani tabia ya kujirudisha katikati baada ya kona. Mshono wa chuma nikaulaza kwa nyundo, nikaupaka rangi siku hiyo hiyo ili kutu isipate mwanya. Plastiki nikaipasha moto kwa mashine ya hewa ya joto nikaisukuma nyuma mpaka ikakaa. Nikarudia kipimo chote tangu mwanzo, shokapu nje, jeki chini. Kwenye sahani ikapita karatasi ya kadi bila kubanwa. Ni nafasi ndogo, nayo nilipanga kuichunguza kila baada ya safari.

Tairi la spea ndilo lililonigharimu zaidi, na ndilo nililolifikiria kwa muda mfupi kuliko yote. Nilinunua manne. Lile la tano, la zamani, likabaki limening'inia chini ya gari. Baadaye nikapata pancha ya nyuma, jioni, mvua imeshaanza. Nikashusha spea nikaliweka kando ya lenzake la upande wa pili, na gari likasimama limeinama.

Fikiria kinachotokea hapo. Tairi kubwa hutembea mita 2.61 kwa kila mzunguko, dogo mita 2.44. Kwa kilomita 60, dogo linazunguka mara 1,600 zaidi ya kubwa, na tofauti hiyo yote inasagwa ndani ya difu, kwenye gia ndogo zilizotengenezwa kwa ajili ya kona na si kwa safari nzima. Nilibadilisha mpango: nikatoa gurudumu kubwa la mbele nikalipeleka nyuma, dogo nikaliweka mbele, ambako magurudumu hayavuti nikiwa sijaingiza 4x4. Gari likawa linavuta upande mmoja na taa ya ABS ikawaka, lakini difu ya nyuma ikapona. Kisha nikafika kwenye mteremko wa tope na nikashindwa kuingiza 4x4, kwa kuwa ekseli mbili zenye tairi zisizolingana zikifungwa pamoja zinapigana. Tairi nilizozinunua kwa ajili ya tope hilo hasa zilinifikisha kwenye ukingo wake, na nikalala garini nikisubiri ardhi ikauke. Kwenye magari ambayo 4x4 yake haizimwi, hata ile njia ya kuhamisha mbele haipo.

Nunueni matano. La tano langu halikuenea chini ya gari, likagusa bampa ya nyuma na springi, kwa hiyo sasa linakaa kwenye bodi ya mizigo, limefungwa kwa mkanda kwenye vikulabu vinne.

Mengine nitayapitia haraka kidogo. Spidometa: tairi limekua kwa asilimia 7, na spidometa haijui. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 39 hairuhusu spidometa kuonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli, kwa hiyo viwanda huziacha zizidishe kidogo. Langu lilikuwa likisoma 105 nikiwa na 100 za kweli kwa GPS. Sasa likisoma 100, GPS inasema 102. Nililirekebisha hata hivyo, maana hizo 2 ziko upande usioruhusiwa. Kihesabu cha kilomita ni tofauti, chenyewe hakikuwa kikizidisha, kwa hiyo kila 100 zake sasa ni 107 za kweli. Usipozidisha utadhani gari limeanza kunywa mafuta mengi kuliko linavyokunywa, na utachelewa kumwaga oili.

Gia nazo zimekuwa ndefu. Uwiano wa gia za difu yangu ni 3.909, na kwa tairi hizi inafanya kazi kama 3.65. Kwenye tambarare sioni. Kwenye mlima ambao zamani niliupanda kwa gia ya tano, sasa napanda kwa ya nne, na nikiwa na mzigo sisubiri injini ilalamike. Kuirudisha hali ya awali ningehitaji difu ya 4.1 au 4.3, mbele na nyuma zote mbili. Bado sijaona haja.

Breki nimeziheshimu zaidi. Kipenyo kirefu ni mkono mrefu dhidi ya diski ile ile, na kuna zile kilo 10 za kila gurudumu zinazozunguka mbali na kitovu. Gari linasimama, lakini linataka taarifa mapema. Nimebadilisha pedi na oili ya breki, na nimejizoeza kuacha nafasi kubwa mbele yangu. Anayebeba abiria ajaribu breki mahali palipo wazi kabla ya kuwapakia, akanyage kwa nguvu mara kadhaa, mguu wake uuzoee umbali mpya.

Wiki iliyopita nilirudi kutoka safari ya siku nne, mawe na mito mitatu. Kabla ya kuosha gari nililala chali chini ya madigadi ya kushoto na tochi. Mwezi mmoja kabla nilikuwa nimepaka grisi nyembamba kwenye ukingo wa ile sahani ya boliti, ili mguso wowote uache alama. Vumbi lilikuwa limeganda juu ya grisi hiyo, jekundu, limejaa sawasawa mwisho hadi mwisho.